Kuchora njia kwenye ramani ya internete: namna ya kurahisisha kazi bila kupoteza watu

Katika miji ya mashariki mwa Congo, mutu akiulizwa njia hataji sana jina la avenyu wala namba ya nyumba. Anasema: "Panda na ile barabara ya lami mpaka sokoni, ingia kuume kwa kanjia ka mawe, pita kanisa, kisha uliza kwa mukubwa wa nyumba kumi." Mwenye pikipiki akisikia maneno hayo, tayari njia imeshachorwa kichwani mwake. Lakini njia ileile ikitakiwa kuwekwa kwenye telefone ili imufikie mutu mwenye hayuko pale, kwa mufano muganga mwenye kubeba chanjo ao shoferi wa lori ya chakula, kazi inakuwa ngumu. Mustari unaruka juu ya nyumba, ramani inakimbia chini ya kidole, mega zinaisha, na mutu anaachilia.

Makala hii inafasiria mustari ule unatengenezwa na nini, namna vyombo vya kuchora vimerahisishwa miaka kwa miaka, na sababu gani chombo chepesi kupita vyote kinaweza pia kupoteza watu mahali ambapo ramani haijakamilika.

Mustari ni nukta zenye kufuatana

Kwa macho ya mutu, njia ni mustari mumoja wenye kupinda. Kwa ordinatere, ni orodha ya nukta. Kila nukta iko na namba 2: ya kwanza inasema nukta iko umbali gani kaskazini ao kusini ya ikweta, ya pili inasema iko umbali gani mashariki ao magharibi ya mustari wa Greenwich. Muji wa Goma uko karibu na 1,67 kusini na 29,22 mashariki. Kati ya nukta na nukta, chombo kinapiga mustari wenye kunyooka, kama fundi mwenye kuvuta kamba kati ya miti 2.

Namba hizo zinapaswa kuwa na tarakimu za kutosha kisha koma. Karibu na ikweta, tarakimu 5 zinaonyesha mahali kwa kosa la mita 1 hivi. Ukibakisha 3 tu, kosa linaweza kupita mita 100. Katika mutaa wenye kujaa nyumba kama Birere, mita 100 ni avenyu ingine kabisa.

Nukta zikiwa chache sana, mustari unakata kona. Barabara yenye kufuata kando ya ziwa Kivu inaweza kuonekana kama inapita ndani ya maji. Zikiwa nyingi sana, njia inakuwa nzito. Telefone yenye kurekodi nukta moja kila sekunde inakusanya 3 600 kwa saa moja, na mutu mwenye kutumiwa njia hiyo ndiye analipa mega.

Dawa ya tatizo hilo ni ya zamani kuliko internete yenyewe. Katika mwaka wa 1973, David Douglas na Thomas Peucker walitangaza namna ya kupunguza nukta bila kuharibu sura ya mustari. Urs Ramer alikuwa ametoa wazo la namna hiyo mwaka mumoja mbele yao. Mashini inachukua nukta ya kwanza na ya mwisho, inavuta kamba kati yao, kisha inatafuta nukta yenye kuwa mbali zaidi na kamba. Kama umbali ule ni mukubwa kuliko kipimo kilichowekwa, nukta inabaki na kazi inarudiwa upande huu na upande ule. Kama ni mudogo, nukta zote za katikati zinatupwa. Barabara ya lami yenye kunyooka inabaki na nukta chache, lakini kona za mulima zinabaki na nukta zake.

Namna 4 za kuchora

Vyombo karibu vyote vinatumikisha namna moja kati ya hizi 4, ao vinazichanganya.

*Nukta kwa nukta.* Mutu anagusa mwanzo, anagusa kila kona, anagusa mwisho. Ni namna ya kuaminika sababu yeye ndiye anaamua kila kitu. Lakini inachosha: njia ya kilometa 10 yenye kupanda mulima inaweza kuomba migusio zaidi ya 100.

*Kwa kidole.* Mutu anaburuta kidole juu ya kioo kama anaandika. Ni haraka na hata mutoto anaelewa. Ubaya wake ni kwamba kidole ni kinene kuliko barabara. Mustari unatetemeka, na mutu haoni pale anachora sababu kidole chake kinafunika mahali palepale.

*Kurekodi kwa kutembea.* Telefone inasikiliza satelite za GPS na inaandika njia yenyewe wakati mutu anaenda kwa miguu ao kwa pikipiki. Hapo juu ya wazi, telefone ya kawaida inakosea kwa mita 5 hivi. Kati ya nyumba za ghorofa ao chini ya miti mingi, kosa linaongezeka. Namna hii inaomba kufika mahali, na inakula batri.

*Kunatisha kwenye barabara.* Mutu anagusa mwanzo na mwisho, na mashini inajaza katikati kwa kufuata barabara zenye ziko tayari kwenye ramani. Migusio 2 inatosha kwa kilometa 50. Hii ndiyo namna iliyopendwa zaidi, na ndiyo inaomba uangalifu zaidi.

Mashini inachagua njia namna gani

Wazo la musingi lilitoka kwa Edsger Dijkstra wa Uholanzi. Katika mwaka wa 1956, akipumzika na kikombe cha kahawa huko Amsterdam, alitafuta kichwani namna ya kupata njia fupi zaidi kati ya miji 2. Alitangaza jibu lake katika mwaka wa 1959. Kwa maneno mepesi, mashini inaanza pale mutu yuko, inaenda kwanza kwenye makutano ya karibu zaidi, inaandika umbali, kisha inaendelea na makutano yenye kufuata kwa ukaribu, mpaka inafika mwisho. Namna hiyo haiwezi kukosa njia fupi, maadamu barabara zote ziko kwenye ramani.

Ramani ya Google ilifunguliwa katika mwezi wa pili 2005. Mwanzoni, mutu akipewa njia yenye hapendi, hakuweza kuigeuza kwa urahisi. Katika mwezi wa sita 2007 wakaongeza kitu kidogo chenye kuleta mabadiliko makubwa: mutu anashika mustari katikati, anauvuta kwenye barabara ingine, na njia inajipanga upya palepale. Hakuna fomu ya kujaza. Tangu siku hizo, watu wengi wanangojea kila ramani ifanye vile.

Upande wa ramani ya wazi, OpenStreetMap, yenye Steve Coast alianzisha huko Uingereza katika mwaka wa 2004, kazi ilikuwa tofauti kidogo. Kule watu hawachori tu safari yao. Wanachora barabara zenyewe ili kila mutu azitumikishe. Mwanzoni chombo cha kazi kilikuwa cha watu wenye kuzoea ordinatere sana. Katika mwaka wa 2007 kukatoka Potlatch, yenye kufanya kazi moja kwa moja ndani ya internete, na katika mwaka wa 2013 kukatoka iD, yenye ilitengenezwa kwa ajili ya mutu mwenye anaanza leo. Ndani ya iD, katikati ya kila nukta 2 kuko alama ndogo: mutu akiishika na kuivuta, inageuka nukta mupya. Tena kuko mafundisho mafupi ya kufuata hatua kwa hatua mbele ya kugusa ramani ya kweli.

Pale wepesi unadanganya

Kunatisha kunategemea kitu kimoja: ramani iwe inajua barabara. Kama kanjia ka mutaa hakako kwenye ramani, mashini nyingi hazisemi "sijui". Zinanatisha mustari kwenye barabara ya karibu yenye zinajua, na zinamuzungusha mutu. Safari ya mita 300 inakuwa ya kilometa 4, lakini kwenye kioo mustari ni wa rangi nzuri na unaonekana kama ukweli.

Mambo inakuwa mabaya zaidi wakati barabara iko kwenye ramani lakini chini haiko tena. Wakaaji wa Goma wanajua jambo hilo vizuri. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya muji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ililipuka tena na lava ikakata barabara kubwa ya Goma kwenda Rutshuru. Chombo chenye kusoma ramani ya jana kingeendelea kupitisha magari pale pale, juu ya mawe ya moto. Tarehe 27 mwezi huohuo, wakubwa wa jimbo waliamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya muji watoke, na watu wengi sana wakashika barabara ya Sake. Siku kama zile, mustari wenye umechorwa kwa mukono na mutu mwenye ametoka kupita pale asubuhi unapita kwa faida mustari wa mashini yenye akili nyingi.

Somo kwa mwenye kutengeneza chombo ni hili: kunatisha na kuchora kwa mukono vinapaswa kukaa pamoja, kwa kifungo kimoja cha kuhama kutoka huku kwenda kule, hata katikati ya njia ileile. Kilometa 8 za lami zinatishwe, mita 400 za mwisho zichorwe kwa mukono. Na tofauti ionekane kwa macho: mustari mujazo pale ramani inajua barabara, mustari wa vipande vipande pale mutu amechora mwenyewe. Hivi, mwenye kupokea njia anajua ni wapi pa kuamini na ni wapi pa kuuliza wapita njia. Tarehe ya kuchora nayo iandikwe, sababu barabara ya kiangazi si barabara ya mvua.

Ramani kwanza, njia kisha

Kwa mahali kama Congo, kurahisisha kuchora njia hakutenganiki na kujaza ramani. Haiti ilionyesha hilo. Kisha tetemeko la tarehe 12 mwezi wa kwanza 2010, mamia ya watu wa kujitolea katika inchi mbalimbali walichora barabara za Port-au-Prince wakiangalia picha za satelite, na timu za musaada zikaweza kuzitumikisha kwenye vyombo vyao. Kutoka pale likazaliwa shirika HOT, lenye kuunganisha watu wa OpenStreetMap kwa kazi za musaada.

Katika mwaka wa 2014, HOT, Madaktari Wasio na Mipaka, na Musalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza walianzisha mupango Missing Maps. Lubumbashi ni kati ya miji ya kwanza yenye ilifanyiwa kazi: wenye kuwa mbali walichora mistari kutoka kwa picha za satelite, na watu wa palepale wakatembea mitaani kuandika majina. Hapo kazi ilirahisishwa kwa kugawanya muji katika viboksi vidogo. Mutu mumoja anachukua kiboksi kimoja, anakimaliza, mwingine anakihakikisha. Hakuna mwenye kubeba muji muzima.

Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, watu 3 470 waligonjwa na 2 287 wakakufa. Timu za afya zilipaswa kufuata kila mutu mwenye aligusana na mugonjwa, mutaa kwa mutaa, Beni, Butembo, Mangina. Ramani za wazi zilichorwa tena kwa haraka. Kwa kazi kama ile, jina la kijiji lenye limeandikwa mahali si pake, ao kanjia kenye hakaonekani, ni saa zenye kupotea wakati ugonjwa unatembea.

Nairobi nako kunafundisha jambo. Wanafunzi na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda matatu na telefone mukononi, wakarekodi njia zaidi ya 130, na ramani ikatoka katika mwaka wa 2014. Mashini ya kunatisha peke yake isingeweza kuijua kazi hiyo, sababu matatu haifuati njia fupi, inafuata abiria. Basi dogo la Congo nalo ni vilevile.

Kidole, kioo na mega

Nje ya akili ya mashini, kuko mambo madogo yenye kuamua kama mutu atamaliza kuchora ao ataachilia.

Kwanza, ukubwa wa pale pa kugusa. Kifungo ao nukta yenye kushikwa kwa kidole inapaswa kuwa na upana wa karibu milimita 9, hata kama kwa macho inaonekana ndogo. Namna ingine nzuri ni kuweka alama ya musalaba katikati ya kioo bila kutembea: mutu anasogeza ramani chini ya musalaba, kisha anabonyeza kifungo "weka nukta hapa". Hivi kidole hakifuniki mahali.

Pili, kurudisha nyuma. Kifungo cha kufuta hatua ya mwisho kinapaswa kuonekana saa zote, na kukibonyeza mara 10 kurudishe hatua 10. Mutu mwenye anajua anaweza kurudi nyuma haogopi kujaribu. Kama kosa moja linamulazimisha kuanza upya, wengi hawaanzi tena.

Tatu, kutenganisha kusogeza ramani na kuchora. Makosa mengi yanatoka hapa: mutu anataka kusogeza ramani, mashini inazani anachora. Chombo kikatae kuchanganya: kidole kimoja kinachora, vidole 2 vinasogeza, na kioo kionyeshe wazi ni hali gani iko.

Ine, kufanya kazi bila internete. Ramani ya muji ipakuliwe mara moja pale kuna mtandao muzuri, kisha kuchora kuendelee hata kama mtandao umekatika, na njia itumwe siku ingine. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinaonyesha kwamba ramani inaweza kukaa ndani ya telefone yenyewe.

Tano, alama za mutaa. Watu hawaongoze kwa majina ya avenyu, wanaongoza kwa soko, kanisa, forage ya maji, muti mukubwa. Chombo kinapaswa kuruhusu kuandika maneno hayo kwenye kona ya njia, ao hata kurekodi sauti ya sekunde chache. Mwenye hasomi Kifaransa atasikia: "Hapa geuka, utaona kinu."

Karatasi bado ina kazi

Pale umeme ni wa kubahatisha, karatasi haijapitwa. Katika mwaka wa 2009, Michal Migurski alitengeneza Walking Papers: ramani inachapwa na alama ya pekee pembeni, watu wanatembea mutaani na kalamu, wanaandika na kuchora juu yake, kisha karatasi inapigwa picha. Ordinatere inasoma ile alama, inajua karatasi ni ya mahali gani, na inaiweka chini ya ramani ili mutu afuatishe mistari ya kalamu. Field Papers iliendeleza wazo hilo. Muzee mwenye hajawahi kushika telefone ya kioo anaweza kuchora njia ya shamba lake kwa namna hiyo.

Kujaribisha na wakaaji

Mutu mwenye ametengeneza chombo ni mubaya kwa kusema kama ni chepesi, sababu yeye anajua kila kifungo. Jaribio linafanywa na watu wachache wenye hawajakiona: mwenye pikipiki, mama mwenye kuuza sokoni, mwanafunzi, muganga wa kituo cha afya. Kila mumoja anaombwa kuchora njia yenye anajua, kwa mufano toka nyumbani mpaka sokoni. Mwenye chombo anakaa kimya. Hasaidii, hafasirii. Anahesabu: dakika ngapi, mara ngapi alirudisha nyuma, ni wapi aliuliza, ni wapi aliachilia.

Kisha njia ile anapewa mutu wa pili, mwenye hajui mutaa ule, na anaombwa kuifuata kwa miguu. Hilo ndilo jaribio la mwisho. Njia yenye kuchorwa kwa dakika 1 lakini inamuacha mugeni mbele ya ukuta haijarahisisha kitu.

Njia zenye hazifai kuonekana

Kuko upande mwingine wenye hauwezi kunyamaziwa mashariki mwa Congo. Mustari unaonyesha njia, lakini unaonyesha pia mutu anaishi wapi, anapita saa gani, na anakimbilia wapi. Katika mwezi wa kwanza 2018, watu waliona kwamba ramani ya Strava, yenye kukusanya safari za wenye kufanya mazoezi, ilionyesha wazi njia za ndani za kambi za waaskari katika inchi mbalimbali. Hakuna mwenye alikuwa amekusudia kuzitangaza.

Kwa hiyo, chombo kizuri kinaanza kwa kufunga, si kwa kufungua. Njia inabaki kwa mwenye kuichora mpaka yeye mwenyewe aamue kuituma, na kwa mutu gani. Mita za kwanza na za mwisho zinaweza kufichwa ili nyumba isijulikane. Vinjia vyenye wakimbizi wanapita, na pale wamejificha, visiwekwe kwenye ramani ya wote, hata kama kazi ya kuvichora ni nyepesi.

Ya kukumbuka

Mutu mwenye anataka kutuma njia leo anaweza kufanya hivi: anatisha sehemu ya barabara kubwa, achore kwa mukono kanjia ka mwisho, aandike alama 2 ao 3 zenye kila mutu anaona, aweke tarehe, na aombe mutu mwingine mwenye alipita pale juma hili aangalie mbele ya kutuma. Na kama barabara ya mutaa wake haiko kwenye ramani ya wazi, aichore kwanza pale. Mashini itaijua siku hiyo, na ambilansi yenye itakuja kisha haitazunguka.